Wote wawili hawakuwa na cha kulipa

Bwana Yesu asifiwe. Bwana Yesu asifiwe tena.

Mchungaji, wazee wenzangu wa kanisa, mama zangu, baba zangu, na ninyi vijana mliosimama pale nyuma kwa kukosa viti, nashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa niseme juu ya upendo wa Mungu na namna sisi waamini tunavyouitikia. Mimi si mwanatheolojia. Ni mtunza hazina wa usharika, na mtu aliyeshika vitabu vya hesabu kwa muda mrefu huanza kuona kila kitu kwa jicho la nani anadai na nani anadaiwa. Basi nitasema kwa jicho hilohilo. Sidhani kama Bwana wetu atachukia, maana yeye mwenyewe alipotaka kumfundisha mtu habari za upendo, alimfundisha kwa habari za mkopo.

Fungueni Luka sura ya 7, kuanzia mstari wa 36.

Farisayo mmoja, jina lake Simoni, amemwalika Yesu chakulani. Tusiwe wepesi kumhukumu Simoni. Ni mtu wa dini, ana nyumba, ana chakula cha kumpa mgeni, na amemkaribisha mwalimu ambaye wenzake wengi walikuwa wanamtazama kwa mashaka. Angekuwa hapa kwetu tungemchagua mzee wa kanisa, na nina hakika kamati ya ujenzi ingekuwa chini yake. Mara anaingia mwanamke wa mji ule, mwenye sifa ambayo kila mtu pale mezani anaijua. Luka hatuambii dhambi zake zilikuwa zipi, ingawa miaka yote hii tumekuwa hodari wa kumwongezea. Ana chupa ya marimari yenye marhamu. Anasimama nyuma, penye miguu ya Bwana, na machozi yanamwagika mpaka miguu inalowa. Anaifuta kwa nywele zake, anaibusu, anaipaka marhamu.

Simoni anatazama. Hasemi kitu, ila moyoni anapiga hesabu: huyu angekuwa nabii, angejua anaguswa na mtu wa namna gani.

"Simoni, nina neno nikuambie."

"Mwalimu, nena."

Mkopeshaji mmoja alikuwa na wadeni wawili. Mmoja alidaiwa dinari 500, wa pili 50. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku moja, kwa hiyo 50 ni kama miezi miwili ya kazi, na 500 ni zaidi ya mwaka mmoja na nusu, ukiondoa siku za Sabato. Wote wawili hawakuwa na cha kulipa. Akawasamehe wote wawili. Sasa Simoni, yupi kati yao atampenda zaidi? Simoni anajibu taratibu, kama mtu aliyeanza kuona anakopelekwa: nadhani ni yule aliyesamehewa nyingi.

Tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo pana mambo.

Tazameni mpangilio wake. Deni linafutwa, ndipo upendo unazaliwa. Katika mfano huu hakuna mdeni aliyempenda mkopeshaji ili asamehewe. Wapo wanaousoma mstari wa 47, pale Yesu anaposema dhambi zake zimesamehewa kwa kuwa amependa sana, wakaona kwamba machozi ya yule mama ndiyo yaliyonunua msamaha. Mfano wenyewe unakataa. Msamaha ulitangulia. Machozi, nywele na marhamu ni jinsi mtu anavyofanya akishajua kwamba hadaiwi tena. Na Yohana anaandika hivyohivyo katika waraka wake wa kwanza, sura ya 4: "Sisi twapenda kwa maana Yeye alitupenda sisi kwanza."

Halafu tazameni maneno haya: wote wawili hawakuwa na cha kulipa. Mahubiri mengi hulipita neno hili mbio, kwa sababu macho yanakimbilia 500 na 50. Ni kweli, mmoja anadaiwa mara kumi ya mwenzake. Lakini mfuko wa yule wa 50 nao ni mtupu. Mbele ya mkopeshaji wote wawili wamefilisika. Shida ya Simoni haikuwa kwamba alikuwa na dhambi chache. Shida yake ni kwamba alijiona bado analipa kwa awamu, na mtu anayejiona analipa kwa awamu hana sababu ya kulia miguuni pa mtu yeyote. Ndiyo maana hakutoa hata maji ya kunawa miguu. Bwana anamhesabia kimoja baada ya kingine: maji hukunipa, busu hukunipa, mafuta hukunipaka. Hivi vilikuwa vitu vya kawaida kabisa, vya kumpa mgeni yeyote wa heshima. Simoni aliona kumwalika tu kunatosha.

Sasa niseme jambo la mtaani kwetu. Mikopo ya kausha damu mnaijua. Tena wengine mnaijua kuliko ninavyoijua mimi. Mtu anachukua laki mbili za haraka, anaacha kitambulisho na kadi ya benki, na rejesho ni kila wiki, pengine kila siku. Akikosa, wanakuja kubeba godoro na luninga, majirani wakitazama. Mnacheka, lakini mtu anayedaiwa hivyo hampendi anayemdai. Anamwogopa. Akiona namba yake kwenye simu, anaizima. Akimwona njia hii, anapita ile.

Wako Wakristo wanaoishi na Mungu hivyo. Ibada kwao ni kupeleka rejesho. Wakikosa Jumapili mbili wana hofu. Mtoto akiugua wanajiuliza ni sadaka gani waliyosahau, na kazi ikiharibika wanatafuta laana iliyoingilia wapi. Na kuna wahubiri waliogeuza hofu hiyo kuwa mtaji. Wanamwambia mjane apande mbegu, tena apande ile ya kodi ya nyumba, kwa kuwa mbegu inayouma ndiyo inayozaa. Juu ya hilo siwezi kusema kwa upole. Sadaka za usharika huu mimi nazihesabu, na najua noti ya mtu maskini inavyoonekana, imekunjwa mara nne imekuwa ndogo kama kidole. Anayemwambia mtu huyo kwamba Mungu atamjali baada ya kuona kiasi gani ametoa, anahubiri mungu mwingine. Baba wa Bwana wetu Yesu Kristo hakungoja tutoe kitu. Paulo anawaambia Warumi kwamba Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa tungali wenye dhambi. Tungali wenye dhambi! Hatukuwa hata tumeanza kujaza fomu.

Sisi Walutheri tuna neno la zamani juu ya hili. Mwaka 1518 Martin Luther alikwenda Heidelberg kujadiliana na ndugu zake watawa wa shirika la Augustino, na kauli ya 28 kati ya zile alizoziandaa kwa siku ile inasema kwamba upendo wa Mungu haukuti kitu kinachopendeza tayari, unakiumba. Upendo wa binadamu hufanya kinyume, hungoja uone kitu kizuri ndipo uwake. Binti mzuri, kijana mwenye kazi, rafiki mcheshi, hao kuwapenda ni rahisi. Mungu anampenda asiyependeza, na kwa kupendwa huko ndipo mtu anapoanza kupendeza. Yule mama wa Luka 7 ndiye kauli ya 28 yenyewe, amepiga magoti.

Basi tunaitikiaje?

Mathayo sura ya 18 ndiyo inayonitisha mimi mtunza hazina. Mtumwa mmoja anadaiwa na mfalme talanta 10,000. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Zidisheni wenyewe: ni ujira wa siku milioni 60. Kibarua anayefanya kazi siku 300 kwa mwaka angehitaji miaka 200,000. Na mtu huyu anapiga magoti na kusema, nivumilie, nami nitakulipa yote. Kwa mshahara upi? Mfalme hasumbuki hata kumjibu hilo la kulipa. Anamhurumia, anamfungua, anafuta deni lote. Mtumwa anatoka nje, anakutana na mwenzake mwenye deni kwake la dinari 100, anamkaba koo.

Angalieni, dinari 100 si senti. Ni miezi minne ya kazi. Bwana hakusema kwamba ubaya tunaotendewa na watu ni kitu kidogo; mwenzio akikudhulumu kiwanja, hicho ni kiwanja kweli. Alichofanya ni kuliweka deni hilo karibu na lile jingine, halafu akatuacha tutazame wenyewe. Kwa hiyo ukitaka kujua kama mtu ameuelewa upendo wa Mungu, usimtazame anavyoimba. Mimi napenda kwaya, nisieleweke vibaya. Mtazame anavyomtendea yule mwenye deni kwake.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe kule Kampala, daktari Mwingereza aitwaye Joe Church alikutana na Mganda, Simeoni Nsibambi, wote wawili wamechoka na Ukristo wa jina. Wakasoma Maandiko pamoja na kuomba. Daktari huyo alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, na hapo Gahini, kwa watu kama Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, na Yosiya Kinuka, moto uliowashwa miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Kenya, ukaingia kwetu Tanzania kupitia upande wa Kagera. Huo ndio tunaouita Uamsho. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, ambaye mwaka 1977 alikuja kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, alilelewa na Uamsho huo.

Ninachotaka mkione ni watu wale walivyofanya walipoamini kwamba damu ya Yesu imewafutia deni. Walirudisha vitu. Walioiba vifaa vya hospitali walivirudisha, waliokwepa kodi walikwenda kulipa, waume walikiri mbele ya wake zao. Hakuna aliyewatuma, na polisi hawakuwa na habari. Festo Kivengere, mwalimu kutoka Kigezi, Uganda, aliyefundisha pia kwetu Dodoma kabla ya kuwa askofu, alisimulia kwamba mara baada ya kuokoka alipanda baiskeli, akasafiri mwendo mrefu kwenda kwa Mzungu mmoja ambaye yeye Kivengere alikuwa akimchukia, kumwambia tu kwamba chuki imekwisha na kumwomba radhi. Hii ni enzi ya ukoloni, jamani. Mwafrika anagonga mlango wa Mzungu, wala hana shida ya kibarua wala cheti.

Nisiwapambe sana. Baadaye palikuwa na magomvi ndani ya Uamsho wenyewe. Wapo waliofika mahali pa kupima wokovu wa ndugu kwa mavazi yake, au kwa kuwa amechukua mkopo. Ndivyo tulivyo, Mungu akitufutia daftari, tunanunua jingine na kuanza kuwaandika wenzetu.

Na kuna lililo zito zaidi. Nchi ile ya Gahini ndiyo nchi ya mauaji ya kimbari ya 1994. Wengi wa Wanyarwanda walikuwa Wakristo, wamebatizwa, wanaimba. Watu walikimbilia makanisani wakidhani ni salama, na kanisani ndipo walipouawa, Ntarama, Nyamata, Nyarubuye. Aliyekuwa ameketi nao benchi moja Jumapili ndiye aliyewafungulia mlango wauaji. Wakati mwingine naulizwa, hasa na vijana, upendo wa Mungu ulikuwa wapi siku hizo. Sina jibu la kumridhisha mtu aliyepoteza watoto, na nisingependa kumsikia mtu anayejifanya analo. Lakini nusu nyingine ya swali hilo inatuhusu sisi, nayo ni hii: wale waliopendwa na Mungu, wakaimba kwamba wamependwa, walikuwa wapi?

Wengi walikuwa upande mbaya, au walikaa kimya. Mmoja nitamtaja kwa jina. Félicité Niyitegeka alikuwa mlei wa Kanisa Katoliki, Mhutu, msimamizi wa kituo cha Mtakatifu Petro kule Gisenyi, karibu na mpaka wa Goma. Watutsi walikimbilia kwake. Aliwaficha, akawavusha wengi mpaka. Kaka yake alikuwa kanali jeshini. Alipojua kwamba kituo kitashambuliwa, alimtumia dada yake ujumbe aondoke. Félicité akamjibu kwa barua kwamba hawezi kujiokoa na kuwaacha wale aliokuwa akiwatunza. Afadhali afe nao. Tarehe 21 Aprili 1994 wauaji walikuja wakawachukua wote, na aliuawa pamoja nao. Leo Rwanda inamhesabu miongoni mwa mashujaa wake, katika daraja la Imena. Mama huyu hakuwa anadaiwa kitu na wakimbizi wale. Alikuwa na njia ya kutoka.

Najua mnachowaza, kwamba hizo ni habari za mashujaa, sisi ni watu wa kawaida wenye ada za shule na bei ya mchele. Sawa. Tuje huku chini.

Kwanza niondoe kitu kimoja njiani. Kusamehe si kunyamazia uovu. Askofu mkuu Janani Luwum wa Uganda alipouawa na utawala wa Idi Amin tarehe 16 Februari 1977, Kivengere huyohuyo wa baiskeli alitoroka kwa miguu, yeye na mke wake, wakipita milimani kuingia Rwanda. Baadaye mwaka uleule alisema hadharani kwamba amemsamehe Idi Amin. Lakini hakuacha kuyasema mauaji yale popote alipokwenda, na aliwatafutia msaada wakimbizi wa Uganda. Kwa hiyo mama anayepigwa nyumbani asiletewe na mzee yeyote wa kanisa maneno ya kwamba upendo huvumilia yote, ili arudi akapigwe tena. Akimbie. Aende polisi kwenye dawati la jinsia. Ya kusamehe ataongea na Mungu wake kwa wakati wake, na si kazi ya kamati kumwekea tarehe. Na aliyedhulumu kiwanja, hata kama amesamehewa, akirudishe. Zakayo hakusubiri kuambiwa. Baada ya Bwana kuingia nyumbani mwake aliahidi mwenyewe kurudisha mara nne. Baada, sio kabla.

Jambo la pili ni utoaji wetu. Jumapili ya mavuno papai moja linauzwa hapa mnadani kwa bei ya mbuzi, na tunashangilia, na mimi nashangilia kuliko wote. Lakini tumeanza kuzoea kusoma majina na viwango kwa kipaza sauti, na nimeona wanaokwepa ibada ya wiki hiyo kwa sababu hawana. Mtu anakwepa nyumba ya Baba yake kwa kukosa shilingi elfu kumi! Nitaleta hoja kwenye baraza la wazee tuache kusoma viwango. Najua wengine watapinga, watasema mapato yatashuka. Huenda yakashuka. Tutajadiliana.

Na jambo la mwisho. Mungu hana njaa. Hahitaji godoro, wala dawa ya presha. Upendo aliotupenda hauwezi kurudi kwake moja kwa moja kama rejesho, maana hana pengo la kujazwa. Unapita kwa jirani. Yohana ameuliza swali gumu kabisa: mtu mwenye riziki ya dunia akimwona ndugu yake ni mhitaji, akamzuilia huruma zake, upendo wa Mungu wakaaje ndani yake? Hakuuliza kama anaomba kwa sauti.

Usharika wetu una mfuko wa diakonia, yaani wa kuwahudumia wahitaji. Ninaushika mimi, na fedha iliyomo haitoshi, lakini kinachopungua zaidi ya fedha ni miguu. Kuna wazee kule bondeni ambao Chakula cha Bwana kinawafikia kwa nadra, kwa sababu mwinjilisti ni mmoja na mtaa ni mkubwa. Kuna kijana aliyevunjika mgongo kwa ajali ya bodaboda. Mama yake hajalala usiku mzima tangu kijana atoke hospitali, anamgeuza kitandani peke yake. Kuna mtu mwingine ambaye wengi hapa mnamjua na mmegombana naye, naye anaumwa, na hajatembelewa kwa sababu ya ugomvi huo. Orodha yote anayo mwinjilisti. Tunataka watu wawiliwili, mara moja kwa wiki, kuanzia Jumamosi hii. Mama anayeweza kukaa na yule kijana usiku mmoja ili mwenzake alale, aandike jina. Wenye pikipiki tuonane pale mlangoni baada ya maombi. Mafuta mfuko utachangia, nimeshazungumza na Mchungaji.

Tusimame. Mchungaji, karibu utuombee.